Mitutu miwili au pampu: hesabu ya bata wa Ruvu

Vijana wa Bagamoyo wanaotafuta kibali cha bunduki ya marisau, ile inayorusha punje nyingi kwa pigo moja, siku hizi wanataka pampu, yaani ya mtutu mmoja inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma kishikio chini ya mtutu. Ukimtajia mmoja wao bunduki ya mitutu miwili, ile wazee wanayoiita ya midomo miwili, anacheka: "Hiyo ya babu, mzee. Risasi mbili, halafu unabaki unamwangalia bata." Hoja yake si ya kijinga, nami nitaipa haki yake. Lakini nadhani ya babu inasemwa vibaya na watu ambao hawajawahi kukaa nayo mpungani alfajiri.

Tuanze na pampu. Ni imara, inabeba risasi nne au tano, na nyingi za kisasa zina chemba, yaani nafasi ya kuwekea risasi, ya milimita 76 pamoja na choki za kufungua na kufunga kwa skrubu. Choki ni ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatawanyike mapema au yasafiri pamoja. Leo unafunga ya wazi kwa kwale, kesho iliyobana kwa bata. Kwa mwenye shamba anayepewa ruhusa ya kufukuza nguruwe wanaofukua mihogo usiku, risasi ya tatu na ya nne zina maana kabisa. Hapo sina ubishi.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeijua pampu mikononi mwa mlinzi mlangoni pa benki. Ile ni fupi, mtutu wake hauna mbano wowote, imetengenezwa kwa hatua kumi. Mtu anaipeleka kwa bata wa hatua arobaini, kisha anashangaa.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayoninyima usingizi. Watengenezaji hupima mtutu kwa duara la sentimita 75 lililowekwa mita 36 hivi. Mtutu usio na mbano hutia ndani ya duara kama asilimia 40 ya marisau, wenye nusu choki asilimia 60, wenye choki kamili asilimia 70. Ganda lenye gramu 32 za marisau ya namba 5 (namba ni ukubwa wa risau), kwa vipimo vya Kiingereza, lina marisau karibu 250. Kwa hiyo mtutu wa mlinzi unatia 100 na wa nusu choki 150. Kwa masikio tofauti ni ndogo. Kwa macho siyo. Siku tuliyokwenda kulenga shabaha nilitandaza magazeti juu ya ubao, nikapiga, nikakaa chini na kalamu nikizungushia kila tundu. Kisha nikaweka kiganja changu, bila vidole, juu ya karatasi, kwa kuwa ndio ukubwa wa sehemu ya bata inayoua. Kwa nusu choki kiganja kilifunika matundu mawili au matatu karibu kila nilipokiweka. Kwa mtutu wa wazi kulikuwa na mahali kilifunika moja, na mahali hakikufunika hata moja. Bata angeweza kupita hapo katikati akiwa mzima, au vibaya zaidi, akiwa na risau moja tumboni.

Huyo wa risau moja ndiye ninayemwogopa. Anaruka mita mia mbili, anaangukia kwenye matete ya Ruvu, na humpati. Ukimpata, una swali jingine. Wawindaji wengi wa pwani hii ni Waislamu, wanasema bismillahi kabla ya kufyatua, na wanaijua hadithi ya Adi bin Hatim: ukimkuta mnyama wako amezama majini usimle, kwa maana hujui ni maji yaliyomuua au mshale wako. Aliyekufa hewani kwa pigo la wazi, wanazuoni wengi hawamkatai. Aliyeanguka akitapatapa majini ukamfikia amekwisha kufa, umebaki na mashaka mkononi na huna cha kupeleka jikoni. Kwa hiyo pigo safi kwetu linagusa na sahani pia.

Sasa nirudi kwa risasi ya tatu. Bata akishashika mwendo huenda kilometa 60 hadi 70 kwa saa, yaani mita 17 mpaka 19 kila sekunde. Ameinuka mita 25 kutoka kwako, umepiga ya kwanza, umepiga ya pili, umekoki. Yuko wapi? Amepita mita 45, na hapo hata choki kamili inaanza kuwa na mapengo. Risasi ya tatu kwa bata anayekimbia, mara nyingi, ni ya kumjeruhi. Anayekuja usoni kwako ni habari nyingine, lakini hao ni wachache.

Mitutu miwili ina kitu ambacho pampu haina: choki mbili kwa wakati mmoja. Wa kulia robo, wa kushoto nusu au kamili. Kanga akilipuka miguuni, wa kulia. Bata wa juu, wa kushoto. Unachagua kwa kidole, hukumbuki bisibisi. Tena kwa urefu uleule wa mtutu bunduki nzima ni fupi kwa takriban sentimita kumi, na ndani ya mtumbwi sentimita kumi ni nyingi. Na ukiikunja katikati kila mtu mtumbwini anaona kwa macho kwamba haina risasi. Pampu ni lazima uamini neno la mwenzako. Sitaji chumvi. Anayeishi karibu na mashamba ya chumvi anajua inavyokula chuma, na mitutu miwili unaipangusa yote ndani ya dakika tano.

Lakini kuna hoja moja ya vijana inayonikaa kooni. Marisau ya kawaida ni ya risasi, ile metali laini yenye sumu, na bata humeza risau akidhani ni kokoto, linasagika kwenye firigisi, sumu inaingia damuni. Marekani ilikataza marisau ya metali hiyo kwa bata nchi nzima mwaka 1991, Umoja wa Ulaya kwenye maeneo oevu mwaka 2023, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya na Asia, unaotaka hivyohivyo. Mbadala wa kawaida ni chuma, na chuma ni kigumu. Mtutu wa zamani wenye choki kamili unaweza kuvimba mdomoni. Pampu mpya inakimeza bila kulalamika. Siku sheria ikifika huku, nusu ya bunduki za babu zitabaki ukutani, na sitakuwa na jibu zaidi ya kununua ya mitutu miwili iliyopimwa kwa chuma.

Mpaka hapo, ukiuziwa ya zamani, peleka karatasi zake polisi kwanza, kisha pima chemba. Nyingi ni za milimita 65, na ganda la 70 ndani yake linaingia vizuri tu, ila likifunguka halina nafasi na shinikizo linapanda. Halafu itoe mitutu, itundike kwa kamba, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, endelea kuzungumza bei. Ikilia kama sufuria iliyopasuka, gundi ya chuma kati ya mitutu imeachia. Mshukuru mwenyewe, uende zako.