Mbwa mweusi wa Bungay

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu mji wa Bungay, Uingereza, kamgusia yule mbwa mweusi wa hadithi za pale kwa sentensi moja tu, kisha huyoo, kahamia kwenye bei za nyumba. Hapana jamani! Nilikaa mji ule mdogo wa mkoa wa Suffolk miaka mitatu nikihudumia wazee. Alhamisi ni siku ya gulio pale Butter Cross, banda la nguzo lililojengwa 1689 baada ya moto wa 1688 kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alinisimulia: Agosti 4, 1577, watu wako kanisani St Mary's, radi zinapasua, mara jibwa jeusi likakatiza katikati yao. Wawili wakafa papo hapo. Anasimulia huku kashika kikombe cha chai, mkono hata hautikisiki. Wanaliita Black Shuck, na wameliweka kwenye nembo ya mji likiwa juu ya radi. Kijijini Blythburgh, mkoa huohuo, nako mlango wa kanisa una alama nyeusi, eti kucha zake. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa na hadithi za majini, nilicheka. Lakini usiku nikitoka zamu, ukungu wa mto Waveney umetanda, mbwa akibweka tu nilitimua mbio nikiikokota baiskeli, sikumbuki hata kuipanda.