Nitrasi kwenye gari la barabarani: mtungi unasingiziwa

Pistoni niliyowekewa mkononi ilikuwa ya silinda ya tatu, injini ya 3S-GE, kutoka kwenye Toyota Altezza. Ukingo wake upande wa vali za moshi ulikuwa umeyeyuka, umeacha pengo la kutosha ncha ya kidole, na vipunje vya aluminiamu vilikuwa vimegandia kwenye plagi. "Hiyo ni kazi ya nitrasi," fundi akasema. Mwenye gari, aliyekaa juu ya tairi kuukuu, akakataa: alifunga seti ya kupulizia injini gesi hiyo, ya kuongeza nguvu za farasi 50 tu, kiwango ambacho watengenezaji wenyewe wanakiruhusu kwa injini nyingi ambazo hazijafunguliwa. Nimelifikiria bishano lao tangu siku hiyo, na naona kila mmoja alishika nusu ya jambo.

Nianze na mwenye gari, maana upande wake ndio unaodharauliwa. Nitrasi, gesi ile ile ambayo madaktari wa meno huitumia kumtuliza mgonjwa, haiwaki yenyewe. Inabeba oksijeni: asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 23 tu. Ikiingia kwenye silinda na joto likapita nyuzi 300 hivi, inavunjika na kuachia oksijeni hiyo, na injini inapata nafasi ya kuchoma petroli zaidi. Tena inatoka mtungini ikiwa kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia. Turbo, feni inayoisukumia injini hewa, yenyewe huipasha hewa hiyo moto, ndiyo maana inadai intakula, yaani kipoza hewa.

Kwa mtu wa Nairobi kuna hoja nyingine. Mji uko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza huko karibu asilimia 17 au 18 ya nguvu zake. Altezza iliyoandikiwa farasi 210 Japani inapanda Waiyaki Way ikiwa na 170 na kitu. Nitrasi haijali mwinuko, kwani kiasi kinachotoka kinaamuliwa na presha ya mtungi na tundu la jeti, kile kipande kidogo kinachopimia gesi. Wajerumani walilijua hilo katika Vita vya Pili vya Dunia: mfumo wao wa GM-1 uliziingizia nitrasi injini za ndege za kivita huko juu ambako hewa ni haba. Na ukiinua mguu kwenye mafuta, gari linarudi lilivyokuwa.

Sasa fundi. Yeyote aliyemwona welda akikata chuma anajua oksijeni nyingi inafanya nini kwenye moto. Nitrasi ikiingia bila petroli inayolingana nayo, hicho ndicho kinachoipata pistoni. Seti kavu hupuliza nitrasi peke yake na kuiachia kompyuta ya gari iongeze petroli. Seti ya majimaji hupeleka vyote viwili kupitia nozeli moja. Kwa gari la barabarani lenye kompyuta ya kiwandani mimi nachagua ya majimaji, ingawa nayo ina hila yake: ukiibonyeza injini ikiwa mizunguko ya chini, petroli hutuama kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa, na siku ikiwaka humo humo utaokota vipande vya plastiki barabarani.

Ile Altezza ilikuwa na seti ya majimaji, mabomba yamefungwa kwa unadhifu, mtungi unang'aa kwenye buti. Pampu ya petroli ilikuwa ile ile iliyokuja na gari, na filta haikuwa imebadilishwa. Kitufe kiliwekwa kwenye gia, kikaunganishwa moja kwa moja na rilei, swichi ya umeme inayofungua nitrasi. Hapakuwa na swichi inayoruhusu nitrasi pale tu mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Hapakuwa na ya kuizuia chini ya mizunguko 3,000 na kuikata kabla injini haijagonga kikomo. Wala hapakuwa na swichi ya presha ya petroli, ambayo hufunga nitrasi pampu inapozidiwa. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, haikurudishwa nyuma hata nyuzi mbili, na plagi zilikuwa za joto la kawaida, kwenye injini yenye mgandamizo wa 11 kwa 1 au zaidi. Vitu vyote hivyo havipigwi picha.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo maelekezo yaliyoandikwa Marekani hayatufikirii. Jeti nyingi hupimwa kwa presha ya psi (ratili kwa inchi ya mraba) 900 hadi 950, ambayo mtungi huipata kwenye nyuzi 30 hivi. Asubuhi ya nyuzi 15 Nairobi, presha iko karibu na 650: petroli inazidi, gari linakohoa, unadhani seti ni mbovu. Lishushe Mombasa, liegeshe juani, na ndani ya buti joto litapita nyuzi 36.4, ambapo nitrasi haiwezi tena kukaa kama kimiminika na presha inapanda vibaya. Hapo nitrasi inatoka nyingi kuliko petroli iliyopangiwa. Kwa hiyo geji ya presha haikwepeki, na hita ya umeme yenye kizimio cha presha kwa wa bara. Wanaopasha mtungi kwa tochi ya gesi, hao sina pande mbili za kuwapimia.

Mtungi ukae umefungwa kwa mabano ya chuma, na bomba la vali ya usalama litoke nje ya gari, kwa sababu gesi hiyo ikijaa ndani inafukuza hewa ya kupumua. Bima nayo: usipoitajia kampuni marekebisho haya, usishangae madai yakikataliwa.

Nikilazimika kuchagua, ningeipa nitrasi ndiyo, kwa masharti: farasi 50, swichi zote, pampu mpya, na valvu ya mtungi ifunguliwe kwenye uwanja uliofungwa tu. Mtungi wa ratili 10 hudumu takriban dakika tatu za kukanyaga kwa kiwango hicho, na kuujaza tena si kazi ya kila duka la gesi. Aliye na bajeti ya mtungi pekee anunue matairi mazuri na breki.

Mwenye Altezza amefunga pistoni mpya. Mara ya mwisho nilimkuta chini ya boneti akiunganisha swichi ya presha ya petroli. Mtungi ulikuwa bado nyumbani kwake.