Baba Mkwe Katika Chumba cha Mtihani

Niliporudi masomoni kuchukua shahada ya usimamizi wa biashara kwa njia ya masafa, umri ukiwa umeshavuka miaka 50 na wajukuu wakiwa wameanza kuniazima kalamu, nilidhani adui yangu angekuwa somo la takwimu. Kumbe kazi hasa ilikuwa kuigeuza nyumba yenye watu iwe ukumbi wa mtihani. Kila nikilalamikia kelele, mume wangu hunikumbusha kwamba Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akisoma kwa masafa akiwa bado mfungwa, nami humjibu kwamba gerezani angalau milango hufungwa.

Mtihani wa mtandaoni una taratibu zake. Nilionyesha kitambulisho mbele ya kamera, nikaizungusha kompyuta mpakato chumba kizima, nikaonyesha chini ya meza, kisha nikafunua masikio yote mawili ili ithibitike kwamba sikuficha kifaa chochote humo. Msimamizi, kijana mwenye adabu niliyemsikia sauti tu, alinionya kwamba programu inayotulinda haina mzaha: uso wa pili ukijitokeza, au mtahiniwa akiondoka mbele ya kamera, humjulisha papo hapo.

Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye swali la uwezekano, ambalo lilinitaka nikadirie tukio lisilotarajiwa, niliinama ili nilisome kwa karibu, na kichwa changu kikaacha kuikinga picha kubwa ya ukutani ambayo kijana yule alikuwa ameipita haraka wakati wa ukaguzi.

"Mama, naomba uache kuandika. Huyo mzee aliye nyuma yako ni nani?"

"Ni baba mkwe."

"Naomba atoke chumbani mara moja."

"Hawezi, mwanangu."

"Ni mgonjwa?"

"Alikwisha fariki."

Kukawa kimya. Nilidhani intaneti imekwama, kumbe ni yeye aliyekwama. Alipopata sauti akaniomba nirudie, kwa kuwa huenda hakunisikia vyema, nami nikapaza sauti mpaka nyumba nzima ikasikia: "Amekufa! Baba amekufa!"

Mume wangu, ambaye nilikuwa nimemkataza hata kukohoa mpaka nimalize, aliingia mbio akiwa na povu la kunyolea ndevu nusu ya uso, akauliza kwa sauti ya kutetemeka ni baba yupi.

"Baba yako!"

Ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyemzika, tena miaka mingi iliyopita, alishtuka akaegemea ukuta, na bega lake likaisukuma ile picha ikalala upande, hata mzee, ambaye mwanzoni alikuwa akitazama mbele kwa heshima zake zote, sasa akawa anachungulia majibu yangu waziwazi juu ya miwani.

"Mama," kijana akasema taratibu, "sasa mko watatu."

Mtihani ukasimamishwa. Simlaumu kijana yule, maana sidhani kama kuna mafunzo ya usimamizi yanayogusia watahiniwa wanaosindikizwa na marehemu. Nilikubaliwa kuurudia, ila kwa sharti la kujaza kwanza fomu ya maelezo, iliyotaka nitaje uhusiano wangu na kila mtu aliyeonekana, kama alinisaidia kujibu, na kama yuko tayari kuhojiwa. Kwa mume wangu niliandika kwamba yuko tayari, na suala la povu nikalifafanua kwenye karatasi ya ziada. Kwa baba mkwe niliandika kwamba hakunisaidia lolote, kwa kuwa hesabu hakuzipenda tangu uhai wake, na kwamba kuhusu kuhojiwa, ninaiachia kamati itafute namna ya kumpata.