Siku Bahari Iliponikimbia Jambiani

Miaka 32 nimefundisha Jiografia katika skuli za mjini, na kila mwaka nilichora ubaoni jua, mwezi na dunia, nikatia mishale, nikawaambia watoto: hivi ndivyo bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa, linavyokuja. Nalitaja hili mapema ili ujue aibu yangu ina ukubwa gani.

Nilipostaafu, kiinua mgongo kiliishia kwenye bati la nyumba na harusi ya binti, nikabaki na bao na kahawa barazani. Ndipo mpwa wangu, anayetembeza wageni, akaniletea Wadachi wawili, mtu na mkewe. Wastaafu kama mimi, ila pensheni yao na yangu hazijuani. Walikuwa wanatafuta kijiji cha pwani cha kulia uzee wao. Algarve, kule Ureno, walishakwenda, wakakuta wazee wa Ujerumani na Uingereza wamejaa tele, wakajiona hawajatoka kwao. Costa Blanca ya Uhispania hivyo hivyo. Mzee alikuwa na daftari la masuali: hospitali iko umbali gani, umeme unakatika mara ngapi, majirani wana kelele, na bahari ni hatua ngapi kutoka mlangoni. Hili la mwisho kalipigia mstari mara mbili.

"Jambiani," nikasema palepale, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja.

Shemeji yangu ana nyumba huko, na udalali wake ni kodi ya mwezi mzima. Jumamosi hiyo nikaenda kuikagua. Saa nne na nusu asubuhi nikakuta maji ya kijani yametulia mbele ya nyumba, watoto wanapiga mbizi. Nikapima kwa miguu kutoka mlangoni: hatua 14. Nikampigia simu mke wangu, nikamwambia aanze kutazama friji.

Jumamosi ya pili tukaondoka mjini. Kwenye msitu wa Jozani tukasimama wakapiga picha kima punju. Mzee akauliza habari ya kununua kiwanja, nikamwambia ardhi ya Zanzibar mgeni haimiliki, anapata kwa mkataba wa kukodi tu. Akaandika. Ningenyamaza hapo. Nikaongeza: "Lakini bahari ni ya bure, na iko mlangoni."

Tukafika saa ile ile, nne na nusu. Nikawatangulia, nikausukuma mlango wa uani kwa mbwembwe zote. "Karibuni, bahari hii hapa!"

Hapakuwa na bahari.

Palikuwa na mchanga, mawe, ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe wanaocheua, na mbali kabisa, kwenye mwamba, uzi mweupe wa mawimbi. Mbele ya nyumba pamebaki dimbwi, maji ya kifuu, na kaa mmoja ananitazama.

Mzee akafungua daftari. "Hatua 14?"

Nikageuka kumtafuta mpwa wangu. Naye keshapwa, yumo garini anajifanya kuongea na simu.

Mtu mwenye akili angesema, ngojeni mnywe madafu, maji yatarudi. Mimi nikasema bahari ipo hapo tu, twendeni. Kwa nini nilisema hivyo? Friji.

Wao walikuwa na viatu vya mpira vya kuingilia majini. Mimi nilikuwa na kanzu ya Ijumaa na viatu vya ngozi. Tukapita katikati ya mashamba ya mwani, vigingi na kamba safu kwa safu, wanawake wameinama wanafunga. Bibi wa Kidachi akasimama kila safu, nami nikamweleza kwamba kilimo hiki kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwamba mwani huu huenda nje, ukatolewa kitu cha kugandishia vyakula, hata dawa ya meno imo. Nikajiona niko darasani tena. Saa sita kasoro nikahisi maji ndani ya soksi.

Hapo ubao ukanirudia. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Siku 7 mara 50 ni dakika 350, karibu saa sita. Palipokuwa pamejaa Jumamosi ile, Jumamosi hii saa ile ile pamepwa. Tena wiki ile yalikuwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na jana usiku mwezi ulikuwa mpevu. Basi hili ni bamvua, linalokwenda mbali na kurudi na nguvu zake zote. Hesabu hii niliifanya kwa usahihi kabisa, maji yamenifika magotini.

Nayo hayakuja kwa mbele tukayaona. Yalizunguka, yakaingia kwenye mkondo nyuma yetu. Kiatu cha kushoto kikabaki matopeni. Kanzu ikajaa upepo kama tanga, nikawa ngalawa isiyo na nahodha.

"Wee babu, shika gunia!"

Mama mmoja wa mwani, maji kiunoni, anakokota gunia linaloelea. Nikalikumbatia. Akanitazama usoni. "Mwalimu?"

Unguja ndogo jamani. Alikaa kwa mama yake mdogo mjini, mtaa wa Kikwajuni, akasoma kwangu. "Ulinitia bakora mbili kwa suali la bamvua. Niliandika maji yana saa zake, hayafuati ya ukutani. Ukanambia silo jibu la kitabuni." Yote haya ananivuta na gunia lake, na wenziwe wanacheka hadi kamba zinawaponyoka. Wadachi wakauliza anasema nini.

"Anasema karibuni," nikatafsiri.

Ufukweni akatupa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Bibi, kalowa mpaka kifuani, alikuwa anamuuliza hili na lile kwa mikono. Alasiri maji yakapanda hadi ukutani kwa shemeji, mazuri kuliko ya siku ile, na hakuna aliyegeuka kuyatazama. Wakakodi nyumba ya kaka yake yule mama, miezi sita kwanza, na udalali ukaenda kwake. Mzee alinieleza kwa adabu zote kwamba wamependelea jirani anayejua maji yanarudi lini.

Mke wangu bado anatazama friji.

Bamvua la pili, kiatu changu kikaletwa na gari ya shamba, kimefungwa gazetini, mwani umekamata kisiginoni. Ndani mlikuwa na karatasi: saa za kujaa na kupwa za mwezi mzima, kwa mwandiko mzuri, na juu, kwa wino mwekundu: "Masahihisho. Nakili mara kumi."