Basi Linaloondoka "Sasa Hivi"
Kinachonikera katika safari za injili kutoka Kampala kwenda Gulu si urefu wa njia, kwa maana kilomita zipatazo 330 zinavumilika, bali ni kuambiwa kwamba basi linaondoka sasa hivi, kisha tukaketi kituoni saa nzima na zaidi, injini ikinguruma ili tudhani safari imeanza, huku kondakta akitafuta abiria wa kujaza viti vya nyuma. Kanisani Gulu wanatungoja akina mama waliotoka vijijini kwa miguu, nao hurudi gizani kwa sababu ya uongo huo. Subira tunajifunza, hasa tunapoimba pamoja tukilivuka daraja la Karuma. Hata hivyo, wenye mabasi waandike kwenye tiketi saa ya kweli ya kuondoka.