Gari langu halina nguvu, na ndivyo ninavyolitaka

Kuna mlima katika njia ninayopita kila wiki ambao gari langu haliupandi kwa gia ya nne. Haliupandi kabisa. Ukikosea ukaufikia na kilomita 60 kwa saa, utashusha hadi ya tatu, kisha ya pili, na kuanzia hapo ni kilio tu: injini inanguruma, foleni inajipanga nyuma yako, na lori uliloliacha mbali sasa limejaa kwenye kioo.

Siri iko chini, kabla mlima haujaanza. Kuna kona ya kulia, pana kuliko inavyoonekana. Anayeijua huiingia kwa gia ya tatu na kilomita 75, hagusi breki, anaachia akseleta kidogo tu ili pua ya gari itulie, halafu anaizamisha hadi sakafuni kabla hata usukani haujanyooka. Akipatia, anaingia mlimani na 80, anaishikilia ya tatu njia nzima, na anafika kileleni na 55 bila kugusa gia tena. Ninaupita mlima huo mwaka wa sita sasa. Kuupatia sawasawa, nadhani nimeupatia mara 20.

Gari lenyewe ni sedani ndogo ya mwaka 1988, injini ya lita 1.3, kabureta, gia tano za mkono. Lilitoka kiwandani na nguvu farasi 70 na ushei. Zilizobaki ni ngapi sijapima, na sina hamu ya kupima. Watoto wa jirani wanaliita mkweche, nami sibishi.

Siku moja rafiki yangu aliniachia lake: jipya, turbo, nguvu farasi zaidi ya 400, otomatiki ya gia nane. Nikalipeleka moja kwa moja kwenye mlima wangu. Nikaiharibu ile kona kwa makusudi, nikafunga breki katikati kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, nikauanza mlima na kilomita 40. Nikagusa akseleta, robo hivi. Kufumba na kufumbua niko juu, na macho yangu yako kwenye kipima mwendo kwa woga wa faini. Mlima haukuwepo. Kosa langu nalo halikuwepo, gari lilikuwa limeshalifuta.

Ugomvi wangu na magari yenye nguvu nyingi uko hapo tu. Sina nia ya kukuimbia kwamba haraka haraka haina baraka, mwendo naupenda kama mtu mwingine. Ninachosema ni kwamba nguvu nyingi humlipia dereva madeni yake. Umechelewa kufikiri? Kanyaga. Umeingia kona vibaya? Kanyaga ukishatoka. Umekaa nyuma ya basi kizembe hadi nafasi ya kulipita ikakaribia kuisha? Kanyaga, bado itatosha. Gari dhaifu halikukopeshi kitu. Kila kilomita uliyoitupa kwa breki isiyo na sababu utaitafuta mwenyewe, taratibu, huku watu wakikutazama. Kwa hiyo unaanza kuangalia mbali. Unaona taa nyekundu ikiwa bado mita 300, unaachia akseleta mapema, unaikuta imegeuka kijani nawe bado unatembea kwa gia ya tatu. Hakuna aliyeona, lakini wewe unajua ulichokifanya.

Tuangalie hesabu kidogo. Gari dogo la tani moja, likitembea kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare bila upepo, linahitaji takriban nguvu farasi 15 hadi 20 tu kupambana na hewa na msuguano wa matairi. Basi. Zinazobaki ni za kuongeza mwendo, kupanda milima na kupita wengine. Mwenye 70 anazitumia zote karibu kila siku. Mwenye 400 amebeba abiria mia tatu na kitu wasiolipa nauli, wanaoamka sekunde mbili kwa mwezi. Magari mengi ya michezo ya leo yanavuka kilomita 100 kwa saa yakiwa bado gia ya pili. Maana yake sehemu kubwa ya ulichonunua iko upande wa pili wa sheria, na ukivuka kuifuata, mambo yanaharibika upesi: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayotakiwa kumezwa na breki, au na ukuta, inaongezeka mara nne.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Volkswagen Golf GTI ya kwanza, ya mwaka 1976, ilikuwa na nguvu farasi 110, na watu waliiona kama kichaa aliyefunguliwa kamba. Mazda MX-5 ilipotokea mwaka 1989 ilikuwa na injini ya lita 1.6, nguvu farasi 115 hivi, na uzito usiofika tani moja. Hata siku hiyo yalikuwepo magari ya kawaida ya familia yenye nguvu kuliko hilo. Halikujali. Limekuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi ya yote duniani, zaidi ya milioni moja. Na Mini, iliyoanza mwaka 1959 na injini ya cc 848 na nguvu farasi 34, nduguye Cooper S alikwenda kushinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, akiwaacha wakubwa wenye injini mara kadhaa ya yake wakihangaika kwenye theluji. (Mwaka 1966 pia alifika wa kwanza, akaondolewa kwa sababu ya taa. Wapenzi wa Mini hawajasamehe mpaka leo.)

Sasa gia. Watu husema gari la zamani lina roho. Mimi nasema lina klachi, na inatosha.

Gia ya pili ya gari langu inakwaruza. Ili gia iingie kimya, meno yake na shafti inayoipokea lazima vizunguke kwa kasi moja. Kazi ya kuvilinganisha hufanywa na pete ndogo ya shaba inayosugua koni iliyo ubavuni mwa gia mpaka kasi zikakubaliana, ndipo meno yanakutana. Utaratibu huo uliletwa na Cadillac mwaka 1928. Kabla ya hapo pete alikuwa dereva mwenyewe. Ya gia yangu ya pili imekwisha, kwa hiyo kwenye kona kali nimerudishwa nyuma ya mwaka 1928: nakanyaga klachi, natoa ya tatu na kuweka huru, naachia klachi, napiga resi kidogo, nakanyaga klachi tena, navuta mkono wa gia. Yote hayo yanapita haraka kuliko ulivyoyasoma. Ile resi ndiyo yenye kazi. Ikipungua, meno yanakwaruzana na sauti inapanda kwenye mkono hadi kwenye meno yako mwenyewe. Ikizidi, hivyo hivyo. Ikiwa sawa, mkono wa gia hauhitaji nguvu, unazama wenyewe kama kijiko kwenye uji, na ukiachia klachi gari halitikisiki hata kidogo. Abiria wangu wengi hawajui kama kuna lolote lililofanyika, na sijawahi kupata sifa nzuri kuliko ukimya wao.

Nikiwa kwenye gari la rafiki yangu kazi hiyo inafanyika vizuri kuliko ninavyoweza kuifanya maisha yangu yote. Nakubali. Hapa lazima nitofautiane na wenzangu wa upande huu, maana bado wapo wanaosema gia za mkono zinakula mafuta kidogo na zina kasi zaidi. Ilikuwa kweli zamani. Otomatiki za leo zenye klachi mbili hubadili gia kabla mkono wako haujafika kwenye kirungu, na kwenye mafuta mara nyingi zinashinda. Tukiendelea kutetea gia za mkono kwa hoja hizo tutashindwa kila siku, na tutastahili. Jiko la gesi linachemsha maji upesi kuliko moto wa kuni, lakini aliyewasha kuni hakuwa na mashindano na saa.

Watengenezaji wenyewe wameligundua hilo, tena kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 mpya bila kanyagio la klachi, kwa sababu otomatiki yake ilikuwa na kasi zaidi kwenye uwanja wa mashindano. Wateja wakanung'unika. Mwaka 2016 kampuni ikatengeneza 911 R yenye gia sita za mkono, magari 991 tu, yakagombewa kama maji jangwani. Mwaka uliofuata GT3 ikarudishiwa klachi kwa anayeitaka. Watu wale walikuwa na uwezo wa kununua kasi yoyote iliyopo sokoni, wakaomba wapewe kazi ya kufanya kwa mguu wa kushoto.

Upande mwingine kuna Hyundai Ioniq 5 N, gari la umeme lenye nguvu farasi zaidi ya 600. Gari la umeme la namna hiyo halina gia za kubadili. Lakini hili limepewa programu inayojifanya lina gia: unabonyeza, linashtuka kidogo, spika zinatoa sauti ya injini isiyokuwepo. Wanaoliendesha wanasema linafurahisha, na sina sababu ya kuwabishia. Ila nikilifikiria napata kicheko. Injini tumeitoa, gia tumezitoa, tumeongeza nguvu mpaka pomoni, halafu tukaajiri kompyuta ituigizie mapungufu tuliyoyakimbia. Nayo Golf GTI niliyoitaja, ya sasa imevuka nguvu farasi 250 na gia za mkono imezitupa.

Jambo moja sitalizunguka, nalo ni usalama. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, uso kwa uso upande wa dereva. Ile ya zamani ilikuwa kubwa na ndefu, chuma kila mahali, aina ya gari ambalo wazee hulipiga konde na kusema hiki ndicho chuma. Chumba cha dereva kikakunjamana kama karatasi. Katika Malibu, mwanasesere wa majaribio aliyekaa kwenye usukani alionyesha jeraha la mguu tu. Gari langu halina mfuko wa hewa hata mmoja. Halina breki za kuzuia matairi yasigande, wala ile kompyuta inayofunga breki ya tairi moja moja gari linapotaka kuteleza, ambayo Mercedes-Benz walianza kuiweka mwaka 1995 na ambayo imeokoa watu wengi sana. Kwa hiyo silipeleki safari ndefu za usiku, na watoto hawapandi. Kwa safari hizo tunatumia gari la mke wangu, otomatiki, mifuko ya hewa kila kona. Mtu akiniambia upendo wangu una unafiki ndani yake, nitamsikiliza.

Foleni pia. Saa nzima ya kukanyaga na kuachia klachi haina ushairi wowote, ni goti tu. Na mwenye mguu usioweza kazi hiyo, otomatiki imemfungulia dunia, asije mtu kumwambia anakosa nini.

Ila nikitoa hayo, sioni kwa nini nguvu ndiyo iwe kipimo cha kwanza. Hakuna aliyelazimishwa kuchagua kati ya usalama wa mwaka huu na nguvu farasi 400. Gari jepesi, lenye breki za kisasa na mifuko ya hewa, injini ya nguvu farasi 100 na gia za mkono linawezekana kabisa, na MX-5 ya sasa haiko mbali sana na hapo. Magari kama hayo ni machache kwa sababu ukisimama mbele ya magari mawili dukani, namba kubwa huuza. Namba kwenye karatasi inasomeka kwa sekunde moja. Ile kona ya chini ya mlima inahitaji miaka.

Rafiki yangu naye nilimpa langu, kulipa fadhila. Lilimzimikia mara tatu kabla hatujatoka getini, na kwenye kona alivuta gia ya pili kwa sauti iliyowafanya kuku wakimbie. Nikamwelekeza ile resi. Jaribio la nne au la tano likaingia kimya. Hakusema kitu, akanitazama tu, halafu akarudi ya tatu bila sababu yoyote ili aishushe tena.

Fundi ameshaisikiliza. Anasema kuteremsha giaboksi na kubadili pete ni kazi ya siku moja, vipuri vipo, nilete gari asubuhi. Nikamwambia nitalileta wiki ijayo. Hii ni wiki ya nane.