Shomoro wa Vinamasi vya Chumvi: Tuendelee Kupima au Tuanze Kuokoa?

Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, kuanzia jimbo la Maine hadi Virginia, kuna ndege mdogo mwenye rangi ya machungwa usoni ambaye hazaliani mahali pengine popote duniani. Ni shomoro wa vinamasi vya chumvi, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Ammospiza caudacuta. Kiota chake hukisuka ndani ya majani, sentimita chache tu juu ya udongo ambao maji ya bahari huufikia. Kati ya mwaka 1998 na 2012 idadi yake ilishuka kwa takriban asilimia 9 kila mwaka, yaani katika kila ndege 4 waliokuwepo mwanzo, mwishoni alibaki 1 tu. Makadirio ya mwaka 2011 na 2012 yalitoa ndege wapatao 60,000, na wapo watafiti waliokokotoa kwamba anaweza kutoweka kabisa kufikia katikati ya karne hii, pengine mapema zaidi.

Mbele ya takwimu hizo, watu wanaomjali ndege huyu wamegawanyika. Baadhi wanasema upimaji umetosha, sasa fedha ziende kwenye kuokoa vinamasi. Wengine wanasema kuokoa bila kupima ni kubahatisha, na ndege huyu hana akiba ya kubahatishiwa. Hoja za pande zote mbili ni nzito, ila naona mabishano haya yamepita juu ya jambo lenye uzito zaidi: ni kitu gani hasa kinachopimwa.

Anayeijua bahari ataielewa haraka shida ya shomoro huyu. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na mara nyingi bamvua moja huwa kubwa kuliko jingine. Hilo kubwa hurudi takriban kila baada ya siku 28. Jike huanza kujenga mara tu maji yake yanapopwa, hutaga mayai 3 hadi 5, huyaatamia siku 11 au 12, kisha hulisha makinda kwa siku zipatazo 10. Ukijumlisha na siku za kujenga na kutaga, zimebaki siku mbili tatu tu kabla maji makubwa hayajarudi. Kinda aliyekwisha kupata nguvu hukwea majani maji yanapopanda. Mdogo huzama, na mayai huelea yakachukuliwa. Bahari ikiongezeka kina hata kidogo, lile bamvua dogo nalo huanza kufika kiotani, na hapo jike hana tena siku za kutosha, hata angeanza kujenga saa ileile maji yanapopungua.

Sasa tazama jinsi ndege waimbao wanavyohesabiwa kwa kawaida. Mtaalamu husimama kwenye kituo chake asubuhi na mapema, kwa dakika chache, akiandika kila anayemsikia na kumwona. Njia hii inawafaa ndege ambao dume hushika eneo lake na kuliimbia. Shomoro huyu hana desturi hiyo. Dume hamiliki eneo, sauti yake ni hafifu, huzurura akitafuta majike na hashiriki kabisa kulea. Makinda wa kiota kimoja mara nyingi wana baba tofauti. Hesabu ya kituoni inaweza basi kuonyesha ndege wa kutosha kwenye kinamasi ambacho hakijatoa kinda hata mmoja msimu mzima.

Florida iliwahi kupata hasara ya namna hii, na inaniuma kila ninapoisoma habari yake. Kulikuwa na jamii ya shomoro weusi wa pwani walioishi Merritt Island na bonde la mto St. Johns. Vinamasi vya kisiwani vilizungushiwa matuta na kujazwa maji ili kuangamiza mbu, jirani na kituo cha safari za anga cha Kennedy. Vile vya bondeni vilikaushwa, vikachomwa, vikakatwa na barabara. Hesabu za ndege hao zilitegemea madume wanaoimba. Jike wa mwisho alionekana mwaka 1975. Ulipofika wakati wa kuwakamata waliobaki ili wazalishwe, wote waliopatikana walikuwa madume. Wa mwisho wao alifia kizuizini ndani ya bustani ya burudani ya Walt Disney World, Juni 1987.

Wanaotaka kazi ianze mara moja hupenda kuutaja mkasa huo, na wana haki. Kwa kasi ya asilimia 9 kwa mwaka, utafiti wa miaka 5 unamaliza zaidi ya theluthi ya ndege wakati ripoti ikiandikwa. Chanzo kikuu nacho kinajulikana. Bahari inapanda. Barabara na reli zimebana mkondo wa maji. Mifereji iliyochimbwa na wakulima wa nyasi za mifugo, kisha mingine mingi ya kupambana na mbu katika miaka ya 1930, imevuruga udongo. Tiba zinazojaribiwa nazo si siri: kumwaga tabaka jembamba la mchanga na tope ili uso wa kinamasi uinuke, kuchimba vijito vya kina kifupi vya kutoa maji yaliyotuama, na kuiacha mifereji ya zamani ijae tena.

Lakini wanaotaka kupima nao wana mkasa wa kutaja. Huko Galilee, Rhode Island, kinamasi kilichokuwa kimezibiwa maji ya bahari kilifunguliwa tena. Kwa afya ya kinamasi huo ulikuwa uamuzi mzuri, ila viota vya shomoro vilifurika zaidi kuliko kabla. Tope likimwagwa nene mno hufukia nyasi, na nyasi huchukua miaka kurudi. Na yale matuta ya Merritt Island yalijengwa na watu walioamini wanafanya jambo jema kwa umma. Bila mtu wa kuangalia viota, makosa ya aina hii hugunduliwa baada ya misimu kadhaa kupotea.

Mimi naegemea upande wa kuanza kazi sasa, kwa masharti. Kila mradi wa kuinua kinamasi upimwe kwa idadi ya makinda wanaoruka kwa kila jike, angalau msimu mmoja kabla ya kazi na misimu kadhaa baadaye, sambamba na kinamasi jirani kisichoguswa. Ujuzi upo tayari. Watafiti wa SHARP, mpango unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za serikali, hutafuta viota, huwavisha ndege pete, na huweka ndani ya kiota kipimajoto kidogo kinachorekodi saa ambayo maji yaliingia. Kifaa hicho husaidia kutenganisha kiota kilichozama na kilicholiwa na adui, tofauti inayoamua kama dawa ni tope au kitu kingine kabisa.

Gharama yake ni kubwa, sikatai. Kutafuta viota kunahitaji watu wengi, na miguu yao hulaza nyasi zilezile zinazoficha mayai. Kwa hiyo sitaki kila kinamasi kitafutwe viota. Vichache vilivyochaguliwa vyema vinatosha, na fedha za ufuatiliaji zitengwe ndani ya bajeti ya ujenzi tangu siku ya kwanza, maana mashine zikishaondoka ni vigumu kumpata mfadhili wa kulipia kipimajoto. Kigezo cha kusimamisha au kubadili kazi nacho kiandikwe kabla ya tope la kwanza kumwagwa.

Ikibidi kupunguza mahali fulani, ningepunguza marudio ya hesabu za vituoni katika pwani nzima. Zifanyike kila baada ya miaka kadhaa, na watu wanaobaki wapelekwe kwenye viota kati ya Mei na Agosti. Upande wa wanaotaka kupima utalalamika kwamba mwelekeo wa jumla utaonekana kwa kuchelewa, na ni kweli utachelewa. Ila mwelekeo huo tunaujua tayari. Tusichokijua kwa uhakika ni kinamasi gani, baada ya kutibiwa, kinawapa makinda siku 26 za ukavu.